Kutembea Nuruni Pamoja: Umoja wa Nyumba na wa Kanisa katika Historia ya Uamsho

Upo wimbo mmoja ambao karibu kila mmoja wetu anaujua hata kama hajui Kiganda. Ni wimbo wa Tukutendereza. Tumeuimba kwenye mikutano ya injili, kwenye matanga na kwenye arusi. Huimbwa Kampala, Kigali, Bukoba, Murang'a na Bujumbura. Watoto wetu wanaupokea kwa wazazi wao bila kuuliza ulikotoka, nasi tulifanya vivyo hivyo.

Wimbo huo ulienezwa na watu waliouimba kila mmoja wao alipomaliza kutubu mbele ya wenzake. Mtu alisimama, akasema alilokosa, akaomba radhi, na ndugu wakamwimbia huku wakimkumbatia. Kwa hiyo tunapouimba leo tunashika mkononi kipande cha historia, na ni historia inayohusu jambo tunalolihitaji sana: jinsi watu waliogombana wanavyoweza kuwa wamoja tena.

Neno umoja twalisikia mara nyingi. Katika nyumba zetu huja kama onyo la mzazi: msigombane, mtatuaibisha. Kanisani huja kama ombi la wazee: tunyamaze, mambo yasitoke nje. Wahenga wetu walijua kwamba vikombe vikaapo pamoja havikosi kugongana. Lakini walijua pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kati ya methali hizi mbili ndipo tunapopata shida. Tukikaa pamoja tutakosana. Tukificha makosa, yatatuua. Basi tufanyeje?

Katika insha hii tunataka kujibu swali hilo kwa kuitazama historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Tutaitazama ilivyokuwa, mema yake na mapungufu yake, kwa sababu waliotutangulia walitufundisha kwa yote mawili.

Kilima cha Gahini

Gahini ni kilima kilichoko mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana walianzisha hapo kanisa, shule na hospitali. Mwaka 1928 na 1929 nchi ilipigwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi yake hapo. Wenye njaa na wagonjwa walimiminika hospitalini, na wengi walikufa. Njaa ilipopungua, daktari alikuwa amechoka mwili na roho.

Mnamo Septemba 1929 alisafiri kwenda Kampala. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda aitwaye Simeon Nsibambi, aliyekuwa mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa na kiu ileile. Wakakaa pamoja kwa siku mbili, wakafungua Biblia, wakasoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba.

Tukumbuke wakati ule ulikuwaje. Ulikuwa wakati wa ukoloni. Mzungu alikuwa bwana, na Mwafrika alisimama mlangoni akisubiri kuitwa. Hata kanisani viti vilikuwa na wenyewe. Daktari Mwingereza kukaa na Mganda kama ndugu wawili, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, lilikuwa jambo ambalo watu wa pande zote mbili hawakulizoea. Uamsho ulianza hapo, kwa watu wawili ambao mpaka uliowatenga ulivunjika.

Lakini Gahini kwenyewe mambo hayakuwa shwari. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda huko kufundisha shuleni. Alikuwa kijana mwenye moto wa injili, na alisema wazi kwamba wengi wanaojiita Wakristo hawajaokoka. Hospitalini alikuwako Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa daktari, mtu mwenye bidii na heshima. Maneno ya Kigozi hayakumpendeza. Wafanyakazi wa hospitali wakawa upande mmoja, watu wa shule upande mwingine. Wote walikuwa wa kanisa moja, walisali katika jengo moja na kula meza moja ya Bwana, lakini mioyo ilikuwa mbalimbali.

Hali hiyo sisi tunaifahamu. Tumeiona kati ya kwaya na kwaya, kati ya wazee na vijana, kati ya nyumba ya mke mkubwa na nyumba ya mke mdogo. Watu wanasalimiana vizuri, wanachangia harambee pamoja, lakini kila kundi lina maneno yake likiwa peke yake.

Kinuka alipoona hawezi kuendelea, alipelekwa Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi alimwuliza habari za hospitali, naye akamweleza taabu zote zilizoko na watu wanaozisababisha. Nsibambi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba chanzo cha hali ile mbaya ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye mwenyewe, Kinuka.

Jibu hilo lilimchoma. Alikwenda kushtaki, akarudi akiwa ameshtakiwa. Lakini njiani kurudi Rwanda aliliwaza, akaona ni kweli, akajitoa kwa Bwana. Aliporudi kilimani watu waliona ni mtu mwingine. Alitubu kwa wale aliowakosea, na yeye na Kigozi, waliokuwa wapinzani, wakawa watenda kazi pamoja. Baadaye Kinuka aliwekewa mikono kuwa mchungaji.

Mwisho wa mwaka 1933, baada ya mkutano wa mafundisho uliofanyika Gahini, watu walibaki katika maombi. Mmoja akasimama na kuungama dhambi yake. Akafuata mwingine, na mwingine. Tangu hapo jambo hilo likawa desturi. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Walikwenda kwa jirani waliyemsengenya na kumwambia. Wafanyakazi walitubu kwa daktari, na daktari alitubu kwa wafanyakazi. Waliita mwenendo huo kutembea nuruni, kwa kufuata mafundisho ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, ambamo nuru na ushirika vimefungwa pamoja: anayejificha gizani hawezi kuwa na ushirika na mwenzake, hata akiketi karibu naye.

Moto ulianzia nyumbani

Wengi tunapousikia Uamsho tunafikiri juu ya mikutano mikubwa ya maelfu ya watu. Ni kweli mikutano ilikuwako: Kabale mwaka 1935, Kabete nchini Kenya mwaka 1937, na mingine mingi. Lakini tukitazama kwa karibu tunaona kwamba mambo yalipita kwanza katika nyumba. Nsibambi na Kigozi walikuwa ndugu wa tumbo moja. William Nagenda, aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri wakuu wa Uamsho, alikuwa shemeji wa nyumba hiyo, kwa kuwa mkewe na mke wa Nsibambi walikuwa ndugu. Kigozi alipofariki kwa homa huko Kampala mnamo Januari 1936, akiwa amekuja kuuliza mbele ya Sinodi kwa nini Kanisa limepoa, ni hao wa nyumbani mwake walioushika mzigo wake wakaubeba. Neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani Amka, likawa mwito wa mikutano iliyofuata.

Watu hao walijulikana kwa jina la Balokole, yaani waliookoka. Jambo lililowashangaza majirani zao halikuwa mahubiri, kwa maana mahubiri yalikuwako siku zote. Walishangaa kuona mume akimwomba mkewe msamaha. Katika mila zetu nyingi mume hakuwa na njia ya kufanya hivyo bila kudharauliwa. Walishangaa kuona mwanamume akila pamoja na mkewe na watoto, wakisali pamoja jioni, na mkwe akimwendea mkwewe kumaliza jambo la siku nyingi.

Ushahidi wa Festo Kivengere ni mfano mzuri. Alikuwa mwalimu kijana wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, aliyeiacha imani na kuwa mlevi. Mwaka 1941 aliokoka. Mara moja alikumbuka mmisionari mmoja Mwingereza ambaye alimchukia. Alipanda baiskeli akaenda mwendo wa kilomita 80 hivi mpaka nyumbani kwa mtu yule, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na sasa amekuja kuomba msamaha. Yule Mwingereza, aliyekuwa hajui lolote kuhusu chuki hiyo, alisimama mbele yake akilia.

Baadaye Kivengere na mkewe Mera walikuja Tanganyika kufundisha Dodoma, ambako walikaa miaka kadhaa. Mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi, ni Kivengere aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Basi tungedhani mtu kama huyo alikuwa amekwisha kufika. Lakini yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi habari za siku moja ambapo alikosana na mkewe, kisha akatoka kwenda kuhubiri. Moyoni alisikia Bwana akimwambia arudi kwanza akaombe pamoja na mkewe. Alijitetea kwamba wakati umekwisha na watu wanamngoja, angefanya hivyo baada ya ibada. Bwana akamjibu kwamba aende basi akahubiri, Yeye atabaki na mkewe. Kivengere aliogopa kwenda kuhubiri peke yake. Akageuka, akarudi nyumbani, akamwomba Mera msamaha, ndipo akaenda.

Tumekuwa tukiisikia hadithi hiyo na kucheka, kwa sababu tunajiona ndani yake. Wangapi kati yetu tumepanda madhabahuni, au tumesimama mbele ya kwaya, au tumefungua kikao cha wazee kwa sala, huku nyumbani tumeacha mtu analia? Kanisa limejengwa kwa nyumba zetu. Ufa wa sebuleni huonekana madhabahuni siku moja.

Mukono, 1941: kubaki ndani

Mwaka 1941 ulikuja mtihani mkubwa. William Nagenda na wenzake walikuwa wakisomea uchungaji katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, Uganda. Walikuwa wakiamka alfajiri sana kwa maombi, na walisema hadharani juu ya dhambi na ulegevu waliouona chuoni. Wakubwa wa chuo waliwakataza. Wanafunzi wakaona hawawezi kunyamaza. Mwisho wake wanafunzi 26 walifukuzwa.

Hatutaki kuigeuza habari hii kuwa ya watu wema na watu wabaya. Wale wanafunzi walikuwa na ukali, na baadhi yao walisema kana kwamba hakuna mwingine aliyeokoka. Wakubwa nao walikuwa na hofu ya kupoteza utaratibu, na hofu mara nyingi hutumia mkono mzito. Kila upande ulikuwa na hoja yake.

Lakini tuangalie walichofanya baada ya hapo. Nchi jirani ya Kenya tayari ilikuwa na makanisa mengi yaliyojitenga na misheni. Ingekuwa rahisi kwa Balokole kujenga kanisa lao, kuwa na askofu wao, na kuwaacha waliowafukuza. Walikuwa na wahubiri, walikuwa na watu, walikuwa na wimbo. Hawakufanya hivyo. Walirudi katika makanisa ya vijiji vyao. Jumapili walikaa kwenye mabenchi na kusikiliza mahubiri ya watu ambao huenda waliwaona wamelala. Walikula meza ya Bwana pamoja na waliowadharau. Nagenda hakuwekewa mikono kamwe. Alibaki mkristo wa kawaida, akahubiri Afrika na ng'ambo hadi mwisho wa nguvu zake. Miaka ilivyopita, Kanisa lililowafukuza lilipata maaskofu na wachungaji wengi kutoka kwao. Kivengere mwenyewe alikuwa askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972.

Hapo tunajifunza kwamba umoja una gharama mbili. Gharama ya kwanza ni kusema kweli. Gharama ya pili ni kubaki baada ya kuisema. Yupo anayesema kweli kisha akaondoka na kundi lake. Yupo anayebaki lakini hasemi kitu, akila uchungu wake miaka mingi. Waliofukuzwa Mukono walilipa gharama zote mbili, na Kanisa la Uganda halikupasuka.

Kenya wakati wa hali ya hatari

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Katika nchi ya Wakikuyu nyumba ziligawanyika. Huyu alikula kiapo akaingia msituni. Ndugu yake akachukua bunduki ya walinzi wa serikali. Madai ya ardhi na uhuru yalikuwa ya haki, na hakuna Mkristo anayepaswa kuyadharau. Lakini ndugu wa Uamsho walijikuta mahali pagumu kuliko wote. Walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kunywa kikombe cha Bwana na hawawezi kunywa kingine. Walipopewa silaha na serikali, wengi wao walikataa pia, wakisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia.

Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Watu wa msituni waliwaona wasaliti, na serikali iliwaona watu wasioaminika. Wengine walipigwa, wengine waliuawa, na waliobaki waliendelea kukutana. Usiku uliojaa woga, Mkikuyu na Mzungu wachache waliookoka waliomba pamoja katika nyumba moja, jambo ambalo huko nje lilionekana haliwezekani. Vita vilipokwisha, jamaa waliokuwa pande mbili walihitaji mtu wa kuwakutanisha, na mara nyingi aliyeweza kusikilizwa ni yule ambaye hakushika panga wala bunduki.

Ushuhuda wa namna hiyo ulikuwako Rwanda pia. Baada ya machafuko yaliyoanza mwaka 1959, Watutsi wengi walikimbia makwao. Yona Kanamuzeyi, mchungaji aliyehudumu Nyamata kati ya watu waliofukuzwa makwao, aliuawa na askari mnamo Januari 1964. Mwenzake aliyenusurika alieleza kwamba Yona alikwenda kwenye kifo chake akiimba.

Tulipoanguka

Tungeweza kuishia hapo, na tungeondoka tumefurahi. Lakini hiyo isingekuwa kutembea nuruni.

Mwaka 1971 ndugu wa Uamsho nchini Uganda waligawanyika wenyewe kwa wenyewe. Kundi moja lililojiita waliozukuka, au walioamka tena, liliona kwamba wengine wamepoa. Likaweka masharti makali juu ya mavazi, juu ya mikopo na mambo mengine ya maisha. Ambaye hakuyakubali alihesabiwa amelala. Watu waliookoka pamoja, waliotubu pamoja na kuombeana watoto, waliacha kusalimiana. Silaha ileile ya nuru, ambayo zamani mtu aliielekeza moyoni mwake mwenyewe, sasa ilielekezwa kwa ndugu. Hapo tunamkumbuka Nsibambi alivyomjibu Kinuka. Uamsho ulianza pale mtu aliyekuja kushtaki wengine alipojiona mwenyewe. Uligawanyika pale watu walipoacha kujiona.

Na yapo mazito zaidi ya hayo. Aprili 1994, katika nchi ileile ya Gahini, yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800,000. Rwanda ilikuwa nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisani wakidhani hapo ni salama, wakauawa humohumo. Kanisa Katoliki la Nyamata, katika wilaya ileile alikouawa Yona miaka 30 kabla, leo ni mahali pa kumbukumbu ya waliouawa ndani yake. Waliokuwa katika kwaya moja waliuana. Wapo pia Wakristo waliowaficha jirani zao, na wengine walikufa pamoja nao. Hao tuwakumbuke kwa heshima. Lakini hatuwezi kusema kwamba Kanisa lilisimama.

Iliwezekanaje? Wanahistoria wametaja mengi: siasa za kikoloni zilizoandika kabila kwenye vitambulisho, serikali zilizopanda chuki, na viongozi wengi wa makanisa ya madhehebu mbalimbali waliokuwa karibu mno na watawala. Nasi tukiwa watu wa imani tunaongeza moja kwa unyenyekevu. Watu walikuwa wamejifunza kuungama bia, sigara na maneno mabaya. Chuki ya kabila haikuungamwa vya kutosha. Ilibaki ndani ya nyumba, wazazi wakiwasimulia watoto, na Jumapili watoto hao wakaimba pamoja. Ule wimbo uliendelea kuimbwa, lakini jambo lililouzaa lilikuwa limepungua.

Hilo linatuogopesha, na ni vizuri lituogopeshe. Umoja hatuwezi kuurithi kama shamba. Babu zetu waliutafuta kwa toba, nasi tusipoutafuta kwa njia hiyo utabaki jina tu.

Tufanye nini basi

Baada ya mwaka 1994, wengi nchini Rwanda walilazimika kurudi kwenye hatua ile ya kwanza. Waliofanya mabaya walitakiwa kusema walilofanya na mahali walipoizika miili. Waliofiwa walitakiwa kusikiliza. Haikuwa kazi ya siku moja, na kwa wengine haijakwisha. Lakini jambo moja limeonekana wazi: hakuna amani iliyopatikana kwa kunyamaza. Ilipopatikana, ilipatikana kwa kweli kusemwa na kwa haki kutafutwa, na msamaha ukatolewa na aliyeumizwa kwa hiari yake.

Sisi hatujafika huko, na tumshukuru Mungu. Yetu ni madogo, ndiyo maana tunayaacha. Ni mpaka wa shamba ambao ndugu wawili hawajaumaliza tangu baba yao afariki, na kila Jumapili mmoja anakaa upande wa kulia na mwingine wa kushoto. Ni dada aliyenyimwa urithi akaambiwa anyamaze kwa ajili ya jina la ukoo. Ni fedha za jengo ambazo hesabu yake haikusomwa, na aliyeuliza akaitwa mfarakanishi. Ni utani wa kabila tunaousema tukiwa peke yetu. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Ni kweli ndugu hupatana. Lakini si kila ugomvi unajimaliza wenyewe, na mingine imengoja kwa kizazi kizima.

Historia hii inatupa mambo machache tunayoweza kuyaanza wiki hii, katika nyumba zetu kabla ya kuyapeleka kanisani.

Tuanze na sehemu yetu. Katika ugomvi wowote, hata kama mwenzetu ana makosa tisa nasi tuna moja, hilo moja ndilo tunaloweza kulitubu. Kivengere hakungoja yule Mwingereza aje kwake. Alipanda baiskeli.

Tutubu kwa tuliyemkosea, mahali panapofaa. Miongoni mwa ndugu wa Uamsho wapo waliokosea hapa. Mtu aliungama hadharani mambo yaliyowaaibisha wengine ambao hawakuwapo kujitetea. Dhambi ya chumbani imalizwe chumbani. Dhambi iliyofanywa mbele ya watu itubiwe mbele ya watu. Na tusimlazimishe aliyeumizwa kusamehe haraka ili sisi tupate utulivu. Mtoto aliyepigwa au mke aliyedhulumiwa anahitaji kwanza kulindwa na kuaminiwa. Kumtaka anyamaze kwa jina la umoja ni kumwongezea jeraha.

Tubaki. Tukiisha kusema kweli kwa upole, tusihame usharika kwa sababu haikupokelewa siku hiyohiyo. Waliofukuzwa Mukono walikaa kwenye mabenchi ya nyuma kwa miaka mingi.

Mwisho, tuichunguze chuki tunayoiona ya kawaida. Dhambi inayotamkwa na kila mtu katika ukoo wetu ndiyo ngumu kuiungama, kwa sababu hakuna anayeiona kuwa dhambi. Tuwaulize watoto wetu wanasikia nini mezani kuhusu kabila lingine, dhehebu lingine, au upande ule mwingine wa familia. Majibu yao yatatuonyesha mengi.

Bwana wetu, usiku ule kabla ya kusulubiwa, aliwaombea wanafunzi wake wawe na umoja ili ulimwengu upate kuamini. Aliliomba kwa watu waliokuwa wametoka kubishana nani mkubwa. Alijua walivyo, na hakukata tamaa. Nasi tusikatiane tamaa. Juma lijalo tutakapoimba Tukutendereza, kila mmoja wetu amtazame yule aliyekaa upande wa pili. Na kama liko jambo kati yao, ibada ikiisha asitoke kwa mlango mwingine.